Minnesota: Hapa gari huogea ndani ya nyumba

MGENI anayetua Minneapolis mwezi wa Januari huona mambo ya ajabu hata kabla hajafika anakolala. Ataona maziwa yaliyogeuka kuwa viwanja, watu wakiwa wamejenga vibanda juu yake na kuvua samaki kupitia mashimo. Ataona waya wa umeme unaoning'inia kwenye pua ya gari kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Huo ni wa kuipasha injini joto usiku ili iwake asubuhi. Na ataona kwamba magari yote, yawe meusi, mekundu au ya samawati, yamekuwa ya rangi moja ya kijivu. Ukipitisha kidole kwenye mlango kisha ukionje (usifanye hivyo, msomaji mpendwa, nakuambia tu), utakuta ni chumvi.

Chumvi hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Minnesota ni jimbo la kaskazini mwa Marekani, linapakana na Canada. Jina lake limetokana na lugha ya Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nalo lahusu maji. Kwa hesabu ya serikali ya jimbo kuna maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari kumi au zaidi, ingawa vibao vya nambari za magari kwa unyenyekevu vinasema 10,000 tu. Kuhusu baridi, mtu wa Limuru anayejigamba juu ya ile ya Julai kwao hana budi kunyamaza. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sufuri. Mjini Minneapolis kwenyewe, tarehe 30 Januari 2019, kilifika nyuzi 33 chini ya sufuri. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na ikifika saa kumi na moja kasorobo limekwisha kuzama, kana kwamba nalo linakimbilia blanketi.

Ili watu waweze kusafiri katika hali hiyo, barabara humwagiwa chumvi. Ni chumvi ile ile tunayotia kwenye mboga, ila ni ya chenga kubwa na haijasafishwa. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matamu, kwa hiyo barafu huyeyuka na magurudumu yakapata kushika lami. Baridi ikizidi nyuzi tisa hivi chini ya sufuri chumvi hiyo huanza kushindwa kazi, na hapo wakuu wa barabara huongeza chumvi za aina nyingine, za kalisi na magnesi, ambazo hustahimili zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwahi kukadiria kwamba eneo la miji pacha ya Minneapolis na St. Paul peke yake hutumia takriban tani 350,000 za chumvi kwa mwaka, na kwamba sehemu kubwa yake hubaki katika ardhi na maji ya eneo hilo hilo.

Inayobaki hushika chini ya magari. Na huko, taratibu, bila kelele, inakula.

Kaskazini ya Minneapolis, ukingoni mwa mto Mississippi, kuna mji uitwao Brooklyn Park. Huko ukisikia mtu akiita mwenziwe kwa Kiswahili katika duka la vyakula usishtuke, maana Wakenya wamejaa pale na katika miji jirani. Mwaka wa 2024 mmoja wao, Bi Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Wengi wa Wakenya hao hufanya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, ama katika makao maalumu ama majumbani mwao, na nyingi za zamu hizo ni za usiku. Mabasi huko pembezoni mwa jiji ni ya kubahatisha saa nne za usiku. Kwa hiyo gari kwao si fahari. Ni jembe.

Dada yangu ni mmoja wa hao wa zamu za usiku, na mumewe, ambaye katika makala haya nitamwita shemeji tu kwa kuwa hataki jina lake liandikwe gazetini, huendesha lori mchana. Majira mawili ya baridi kabla ya ziara yangu, dada alikuwa akiingia katika uwanja wa kuegesha magari kazini kwake alipokanyaga breki akahisi mguu unazama mpaka sakafuni. Mrija wa breki ulikuwa umeliwa na kutu ukapasuka. Bahati yake alikuwa anakwenda mwendo wa kobe, akasimamishwa na rundo la theluji. Injini ya gari hilo ilikuwa bado inanguruma kama mpya. Rangi yake juu ilikuwa nzuri. Fundi aliyelipandisha juu aliwaonyesha uvungu wake, wakaona chuma kikibanduka kwa vidole kama chapati ya tabaka. Waliliuza kwa bei ya vyuma chakavu huku bado wanalilipia mkopo.

Na jimbo la Minnesota halina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari ya watu binafsi. Ni juu yako mwenyewe kujua kilicho chini yako.

Baada ya kisa hicho ndipo shemeji alipoigeukia gereji yake.

CHUMBA CHA GARI

Sisi tukisema gereji twafikiria fundi, mafuta yaliyomwagika, na gari lililokaa juu ya mawe tangu mwaka juzi. Kule gereji ni chumba cha nyumba, kimeshikamana na jikoni kwa mlango mmoja, na kazi yake ni gari kulala humo. Ya shemeji ina ukubwa wa futi 22 kwa 22, yatosha magari mawili. Alipoinunua nyumba, kuta za chumba hicho zilikuwa mbao tupu na karatasi ya nje, na upepo ulikuwa ukipita chini ya lango kubwa ukaimba.

"Wengi hukimbilia kununua hita," aliniambia tukiwa tumesimama humo na vikombe vya chai. "Shemeji, hita katika chumba chenye matundu ni kama kuchota maji kwa tenga."

Alianza na lango. Alibadilisha mpira wa chini uliokuwa umekauka na kupasuka, akaweka mwingine mpya wa kugusa sakafu barabara, kisha akazungusha mipira pembeni. Mabati ya lango akayabandika vibao vya povu gumu kwa ndani. Kuta akazijaza sufi ya nyuzi za kioo na kuzifunika kwa mbao za jasi. Kazi hiyo ilimchukua Jumamosi kadhaa za mwezi wa Septemba na Oktoba, kwa sababu Novemba ikiingia ni kuchelewa. Vidole havishiki msumari.

Ndipo ikaja hita. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, hasa kama ana jamaa kule. Kuna hita ndogo za mafuta ya taa na za gesi ambazo mtu huweza kununua dukani na kuziwasha papo hapo. Ni rahisi, na zina joto la haraka. Lakini moto wake huvuta hewa ile ile unayopumua, hutoa mvuke unaoloanisha kila kitu, na ukiwaka vibaya hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na imeua watu usingizini. Kwa sababu hiyo hiyo gari haliachwi likinguruma gerejini, hata lango likiwa wazi, kwa kuwa hewa hiyo hupenya ikaingia nyumbani walikolala watoto. Shemeji aliweka king'ora cha kuinusa hewa hiyo nyumbani, karibu na vyumba vya kulala. Alichagua hita ya umeme ya wati 5,000, imening'inizwa darini pembeni, nayo ina laini yake pekee ya volti 240 iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Wenye uwezo zaidi huweka ya gesi ya bomba yenye dohani ya kutoa moshi nje.

Akiiwasha kwa saa tano inakula yuniti 25 za umeme. Sisi tunaohesabu tokeni tutaguna. Yeye huiwasha siku ya kazi tu, akaifikisha nyuzi 15 hivi. Siku nyingine huiacha ilinde tu chumba kisigande.

Sasa kuna jambo ambalo sikulitarajia, na naamini hata wenyeji wengi hawalijui. Gari lenye chumvi likilala nje penye baridi kali, kutu yake huenda polepole, maana baridi huchelewesha mambo yote ya kikemia. Ukiliingiza katika chumba chenye joto bila kuliosha, theluji iliyogandamana nalo huyeyuka, chumvi ikapata maji na joto, na kutu ikapata karamu. Kwa maneno mengine, mtu aliyetumia pesa zake kulipa gari lake chumba cha joto, halafu akawa mvivu wa kuliosha, analiharibu upesi kuliko jirani yake aliyeliacha barabarani. Ukitia joto, umejifunga kuosha. Shemeji alilijua hilo kutoka kwa mzee mmoja, jirani yake mwenye asili ya Norway kama walivyo wengi wa jimbo hilo, ambaye pick-up yake ya zamani hulala nje mwaka mzima.

NDOO MOJA

Lakini utaoshaje gari wakati bomba la nje limefungwa tangu Oktoba lisipasuke, na kila tone linalotoroka nje linageuka kioo cha kumvunja mtu kiuno? Kwetu kuosha gari ni mpira wa maji, sabuni ya povu, vijana watatu na, mara nyingi, harufu ya nyama choma kutoka kibanda cha karibu. Kule mambo hayo hayawezekani mpaka Aprili.

Kazi huanzia nje ya nyumba. Katika siku ambayo baridi imelegea kidogo, gari hupelekwa kwanza katika mashine za kuoshea za mjini, zile za kurusha maji kwa nguvu bila brashi, na hulipiwa sehemu ya kurushiwa maji kutoka chini. Hapo ndipo uvungu husafishwa. Gerejini hakuna namna ya kuufikia vizuri, na shemeji hajidanganyi wala hawadanganyi wateja wake kwamba kitambaa kitafanya kazi hiyo.

Kisha gari huingizwa gerejini usiku wa kuamkia siku ya kazi. Bati lililokaa kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri halipati joto kwa dakika kumi. Ukiligusa kwa kitambaa chenye maji mapema, maji huganda pale pale na kukwaruza rangi. Likilala ndani, theluji iliyojibana kwenye madigadi hudondoka vipande vipande, na maji machafu hushika njia ya sakafu. Chini ya gari hutandikwa mkeka mpana wa mpira ulioinuka kingo kama sinia, ukayanasa maji yote. Asubuhi huyafyonza kwa mashine ya kufyonza maji na kuyamwaga katika sinki la kufulia, yaingie bomba la majitaka.

Hayamwagi nje. Si kwa ajili ya barafu tu. Mitaro ya barabarani kule hupeleka maji moja kwa moja ziwani na mtoni bila kusafishwa, na chumvi ikishaingia ziwani haiozi wala haitoki. Shirika la jimbo linalosimamia uchafuzi wa mazingira husema kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kuchafua lita 19 za maji daima. Watoto wa dada yangu, ambao huniita mjomba kwa Kiswahili cha puani, walijifunza hilo shuleni na ndio mapolisi wa sinki hilo.

Sasa ndoo. Lita saba na nusu za maji vuguvugu, vijiko viwili vya mezani vya dawa maalumu isiyohitaji kusuuzwa, na ndani yake vitambaa vinane au kumi vya maikrofaiba. Dawa hiyo huuzunguka mchanga na kuuteleza usikwaruze rangi. Gari kwanza hupuliziwa maji hayo hayo kwa chupa, likaachwa kidogo uchafu ulainike. Kisha hukunjwa kitambaa mara mbili kikawa na nyuso nane, na kila uso hupita mara moja tu, kutoka juu ya paa kushuka, bila kusugua. Kitambaa kilichokwisha hakirudi ndooni. Hutupwa katika beseni la kufuliwa. Sehemu za chini ya milango, ambako chumvi imeshona koti, ndizo za mwisho. Nilihesabu: gari zima la dada lilioshwa na kukaushwa bila maji kujaza ndoo ya pili. Nikawafikiria akina mama wa Kitui, nikasema moyoni kwamba dawa hii ingefaa huku hata bila theluji.

Ikishakauka, hupakwa nta ya maji ili chumvi ya wiki ijayo isishike sana. Nayo ina masharti yake: haipendi bati la baridi, na chupa zake zikiganda mara moja huharibika, ndiyo maana hukaa kabatini jikoni karibu na unga wa ugali. Dada halalamiki tena. Mipira ya milango hufutwa ikakaushwa kabisa na kupakwa silikoni, la sivyo mlango huganda na kugoma kufunguka saa nne za usiku wakati zamu inangoja. Chupa ya maji ya kufutia kioo hutiwa yale ya majira ya baridi, yasiyoganda mpaka nyuzi 29 chini ya sufuri.

Ndani ya gari kuna kazi nyingine. Viatu huingiza theluji, theluji ikiyeyuka huacha chumvi, na zulia hukauka likiwa na ramani nyeupe. Sabuni huisambaza tu. Shemeji hutumia maji ya moto na siki nyeupe, nusu kwa nusu, huloweka, huyafyonza kwa mashine, na kurudia mpaka weupe uishe. Halafu mikeka ya mpira yenye kingo hurudishwa juu.

Taa nazo nisizisahau. Kwa kuwa mchana ni mfupi, kazi nyingi hufanyika usiku, na taa moja ya katikati ya dari huficha uchafu kuliko inavyouonyesha. Alifunga nyingine ubavuni, kimo cha milango ya gari, mwanga upite juu ya bati kwa mlazo. Soketi zote ni za aina inayojikata yenyewe maji yakiigusa.

Jumamosi niliyokuwapo yalikuja magari matatu, yote ya Wakenya wa zamu za usiku. Moja lilikuwa la mama wa makamo aliyetoka kazini saa moja asubuhi. Alipewa chai na mandazi, akalala kwenye kochi la dada huku gari lake likishughulikiwa. Alipoamka alilizunguka mara mbili, akapiga magoti penye madigadi ya nyuma na kugonga kwa kifundo cha kidole. Ikatoka sauti ya chuma kizima.

"Bado miaka miwili ya mkopo," alisema. "Ikifika hapo likiwa bado linasimama, Bwana asifiwe."

Hakuna ubao wa tangazo pale nje. Shemeji alikwenda kwanza kuuliza katika ofisi za mji kuhusu masharti ya biashara za nyumbani, jambo ninalomsifia, maana majirani wa kule hupiga simu upesi. Huchukua magari machache kwa wiki, na fedha zake huingia katika karo ya mtoto wa kwanza.

Msomaji aliye Machakos au Eldoret atauliza, haya ya barafu yananihusu nini mimi ambaye gari langu halijawahi kuona theluji? Huenda limeiona. Magari ya Minnesota kweli hayaji kwetu, kwa kuwa usukani wao uko kushoto na sheria yetu yataka wa kulia, tena gari lisizidi miaka minane. Lakini mengi tunayoyapokea bandarini Mombasa yametoka Japani, na kaskazini mwa Japani, huko Hokkaido, theluji na dawa za kuiyeyusha barabarani ni mambo ya kila mwaka. Mengine yametoka Uingereza, ambako nako barabara hutiwa chumvi. Gari la namna hiyo huoshwa juu likametameta, viti vikanukia, na picha zake zikawa za kuvutia.

Unapokwenda kulitazama, liache boneti kwanza. Angalia mirija ya breki inayopita chini, matao ya magurudumu kwa ndani, mahali ambapo bomba la moshi limeungwa, na boliti za magurudumu ya nyuma. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa si hoja. Ile inayobanduka kwa tabaka ndiyo ya kukimbia, na rangi nyeusi iliyopakwa juzi uvunguni ni ya kutiliwa shaka. Beba tochi, na gazeti hili la kulalia chini.